Njia ya Wanaoanza Haikupangwa na Mimi

Vijana wangu wa ofisi ya Iyunga, siku ile mliponiaga mlinilisha keki, mkanivisha kitenge mabegani, kisha mkaniomba niwaandikie jinsi nilivyopanga safari ya maua ya Kitulo kwa wageni ambao hawajawahi kutembea juu kule. Niliitikia kwa kichwa kwa sababu keki ilikuwa imejaa mdomoni. Sasa nimeshaimeza, naweza kusema. Njia mnayowapitisha wanaoanza, ile inayosifiwa na kila anayeshuka, aliipanga Faraja. Mimi nilipanga nyingine, na siku hizi yangu inapitiwa na ng'ombe tu. Nimemwonea wivu yule mama karibu maisha yangu yote ya kazi. Nilidhani nikistaafu utapungua, kumbe kustaafu kumeupa nafasi ya kukaa vizuri.

Hata hivyo mmeniomba kumbukumbu, na nitawapa, kuanzia mwanzo.

Nilianza kama mbeba mizigo. Siku ya kwanza nilipelekwa kwa Mzee Yohana, mwenyeji wa Matamba, aliyechunga ng'ombe uwandani kule tangu hajaota ndevu na baadaye akawa kiongozi wa wageni wa kwanza kabisa katika ofisi yetu. Nilifika nimevaa buti mpya za mpira, nikitarajia kusifiwa. Mzee hakuniangalia usoni. Aliniambia nikae chini, nivue buti, nimwonyeshe soksi.

"Hizi soksi zimetoboka kisiginoni," akasema. "Mpaka saa sita utakuwa unachechemea, halafu mgeni ndiye akubebe wewe."

Alinirudisha Mbeya siku hiyohiyo, na nililala na aibu yangu. Wiki iliyofuata nilirudi na soksi za sufu nilizozichagua moja moja kwenye mitumba ya Mwanjelwa. Tangu hapo, mgeni akishuka kwenye gari mimi huanza na miguu yake, uso baadaye. Nanyi fanyeni hivyo. Viatu vyeupe vilivyonunuliwa jana vitawapa kazi zaidi kuliko mlima wowote.

Kwa wale walioajiriwa juzi na hawajafika juu: ukishamaliza zile kona zinazopanda kutoka Chimala, ukapita Matamba, unatokea kwenye uwanda wa majani usio na mwisho. Mvua za mwisho wa mwaka zikishakolea, majani yale yanajaa maua ya kila rangi, na yanadumu mpaka karibu na Pasaka. Watu wakiona picha wanasema ni tambarare, kwa hiyo ni rahisi. Lakini hewa ni nyepesi, jua linababua huku baridi ikikutetemesha, na ukungu unaingia bila kubisha hodi. Miti ya kuwekea alama hakuna. Mgeni aliyelala Mbeya mjini jana yake na kupelekwa moja kwa moja juu ataumwa kichwa kabla hajaona ua la pili.

Hayo nilikuwa nayajua vizuri kabla Faraja hajaja. Naomba mlikumbuke hilo.

Faraja alikuja kutoka Iringa akiwa mpishi. Alikuwa pia mwalimu wa kwaya katika Kanisa la Kilutheri, jambo alilomweleza kila mtu kabla hata hajashusha sufuria zake. Kila aliyekutana naye, awe mzee wa kijiji au Mzungu mwenye kamera, alimsalimia "Kamwene!" kwa sauti ya kuita watu shambani, na alisimama kusubiri mpaka mtu aitikie. Hakuwa mnyenyekevu hata kidogo. Akipika maharage anayasifia mwenyewe kabla hujayaonja, na ubaya wake ni kwamba yalistahili kusifiwa. Safari yake ya kwanza nasi, mimi ndiye niliyewaongoza wageni siku nzima, nikawavusha mito, nikawatajia kila ua. Tuliporudi wakaomba kupiga picha na mpishi. Mimi nikapewa kamera niwapige. Hapo ndipo donge lilipoanza.

Miaka ikapita, akapanda kutoka jikoni hadi kuongoza wageni, na bosi wetu, yule mama wa Uyole ambaye wengi wenu mmemkuta, akaona kitu kipya. Zamani wageni wetu walikuwa Wazungu wenye mapafu ya farasi. Sasa walimu, wafanyakazi wa benki na vikundi vya makanisa kutoka Mbeya na Iringa walianza kuuliza maua yale yako wapi. Bosi akatuita mimi na Faraja. Kila mmoja apange safari ya watu wasiojua kutembea juu, Mzee Yohana atembee zote mbili, kisha aseme ipi ifuatwe. Atakayechaguliwa ndiye atakayekuwa mkuu wa safari hizo. Niliitaka nafasi ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote kazini. Nilikuwa mkubwa wake kazini, nilikuwa mwanafunzi wa Mzee Yohana, na uwanda ule niliujua hadi mashimo ya panya.

Nikapanga kwa moyo mmoja. Kulala Matamba usiku mmoja ili miili izoee, hilo sikulikosea. Kisha kuondoka alfajiri, kuvuka bonde, kupita kwenye maua mekundu marefu, halafu yale ya buluu, halafu okidi za manjano kando ya kijito, kufika adhuhuri kwenye kilele cha kutazamia uwanda wote na kushuka upande wa pili. Sikuacha kitu. Nilipanga kama mama anayepakulia mkwe wake, kila kilichopo jikoni kiko kwenye sahani.

Wageni wangu wa majaribio walikuwa walimu wa shule ya msingi. Tulipofika kileleni, wawili walikuwa wameshika vichwa, mmoja ameshika viatu vyake mkononi, na mwalimu mkuu alikuwa amelala chali akitazama mawingu. Niliwaonyesha okidi adimu kuliko zote. Mmoja akaniuliza kama gari linaweza kufika pale.

"Umewaonyesha maua yote," akasema Mzee Yohana tuliposhuka.

Nilifurahi. Niliichukua kuwa sifa, nikaenda nayo nyumbani Ilomba, nikamsimulia mke wangu mara mbili.

Wiki iliyofuata ikawa zamu ya Faraja, nami nilitumwa kumsaidia. Wageni wake walikuwa kwaya kutoka Iringa. Siku ya kwanza aliwatembeza kidogo tu hadi ukingo wa uwanda, wakakaa kwenye majani, wakanywa chai, wakarudi Matamba kulala. Nikacheka ndani kwa ndani. Siku ya pili aliwapanga kwenye mstari, na kabla ya hatua ya kwanza akawapanga upya kwa sauti zao: sauti ya kwanza mbele, ya pili ikafuata, kisha ya tatu, besi nyuma. Halafu akaanzisha wimbo.

"Kaka Ipyana," akaniambia, maana aliona nimekunja uso, "mtu akishindwa kumaliza ubeti, ujue tunaenda mbio. Hapo tunapunguza. Mimi saa siangaliagi."

Walikwenda polepole hadi nikaona haya kwa niaba yao. Wimbo ukiisha wanapumzika, hata kama mbele kidogo kuna mahali pazuri zaidi pa kukaa. Waliona labda nusu ya maua niliyowaonyesha walimu. Lakini waliyaona. Waliinama, wakaitana, wakabishana lipi linafanana na sare za kwaya ya mtaa wa jirani.

Kisha ukungu ukashuka. Nitasema wazi kwamba niliushukuru. Nilikuwa na filimbi shingoni na kamba kwenye begi, na nilijua nini hufanywa: unasimamisha watu, unahesabu vichwa, unawafungia kamba moja. Nikangoja Faraja aniite. Yeye akasema tu, "Ubeti wa tatu, wote," akafumba macho akasikiliza. Wakaimba katika weupe ule, hata aliye mbele yako humwoni. Akainua mkono.

"Besi mmoja hayupo. Baba Kilasi, uko wapi?"

Sauti nzito ikatoka kwenye majani nyuma kule. "Nipo, mwalimu. Nafunga kamba ya kiatu."

Walicheka wote, naye Baba Kilasi akaungana nao kwa kufuata kicheko chao. Mzee Yohana alicheka hadi akalazimika kukaa chini. Mimi nilisimama na filimbi yangu, na roho iliniuma, iliniuma kweli, kwa sababu nilijua pale pale kuwa mpango ule ni mzuri na kwamba mimi nisingeuwaza hata ningepewa miaka mia. Mimi siwezi kuimba. Kanisani kwetu, mwalimu wa kwaya aliwahi kunisikiliza dakika chache, akaniomba nisaidie kupanga viti.

Mzee Yohana alisema uamuzi wake mbele ya bosi bila kuzunguka. "Tuchukue ya Faraja." Kisha akanigeukia. "Yako ni ya mtu anayepajua, Ipyana. Hawa hawapajui."

Alimaanisha kunifariji. Sikufarijika.

Nikabaki na safari ndefu, zile za kushuka hadi Matema, za wageni wenye nguvu. Ni kazi ya heshima, nami niliifanya vizuri. Lakini mgeni mwenye nguvu akishafika ziwani anajisifu mwenyewe, wewe anakusahau. Wageni wa Faraja walikuwa wanaleta vitenge, wanaleta kuku, wanapiga simu sikukuu. Kuna mtoto pale Igawa anaitwa Faraja kwa sababu mama yake aliwahi kupandishwa na Faraja bila kuumwa kichwa. Nilipoambiwa habari ya mtoto huyo nilisema, "Jina zuri," nikatoka nje nikakagua mahema ambayo hayakuhitaji kukaguliwa.

Nilisubiri ashindwe. Nilisema watu wa benki hawawezi kupangwa kwa sauti. Akawaimbisha nyimbo za shule ya msingi, wakaimba kwa furaha utadhani wameachiwa likizo. Nilisema Wazungu watakataa. Akampata mmoja aliyeimba wimbo wa Krismasi wa kwao mwezi wa pili, kutoka Matamba hadi juu, na kila wimbo ulipoisha alitaka kuanza tena. Mimi nikajaribu kuiga kwa filimbi, mlio mmoja kutembea, miwili kupumzika. Mgeni mmoja akaniuliza kama tuko jeshini.

Basi mtakapowafundisha wengine njia ile, angalau yale ambayo ni yangu myaseme ni yangu. Viazi vya kuchemsha vya moto mfukoni, ambavyo vinapasha vidole asubuhi na kuliwa mchana, ni vyangu. Kofia pana hata siku ya mawingu ni yangu. Faraja alikuwa anawaacha wanaungua pua. Na mgeni akiumwa kichwa kisha akatapika, usimpumzishe, usimpe dawa na kumbembeleza, mteremshe. Hilo alinifundisha Mzee Yohana na mimi ndiye niliyelisimamia miaka yote, hata pale mgeni alipolia kwamba amefika karibu. Pia hakuna mgeni kuchimba viazi vya okidi, hata kama shangazi yake anajua kuvipika.

Sasa nifike kwa mke wangu.

Subilaga ni mtu wa Tukuyu, mtulivu, hapendi kusafiri. Ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia watu. Mwaka wangu wa mwisho kazini nilirudi nyumbani nikamkuta anamenya ndizi barazani.

"Baba Lusajo," akasema bila kuinua kichwa, "nimejiandikisha kwenda Kitulo kuona maua. Na wenzangu wa kwaya."

"Na nani anawapeleka?"

"Si Faraja, nani mwingine?"

Nikakaa. Nikamuuliza miaka yote hii mimi ninaenda huko, mbona hakuwahi kusema anataka.

"Wewe ulisemaga ya kwako ni ya watu wenye nguvu," akajibu. "Faraja anasema ya kwake nafika hata na haya magoti yangu."

Hakusema kwa ubaya. Akaendelea kumenya. Mimi niliona ndizi zinacheza machoni. Mtu anaishi na kiongozi wa wageni ndani ya nyumba, halafu anapandishwa na mwingine! Nilitaka kumkataza na sikupata sababu ambayo ningeweza kuitamka. Alipokuwa kanisani nilikagua soksi zake. Zilikuwa nzima. Faraja alikuwa ameshamwambia.

Akaenda, akarudi pua haikuungua, na wiki nzima nyumba yetu ilikuwa Faraja asubuhi, Faraja mchana. Faraja anasema maua ya buluu yanafunga jua likizama. Faraja anasema tukitembea tusitazame mbali. Yale ya buluu ni mimi niliyemwonyesha Faraja! Lakini haikuwa hilo lililonitesa. Lililonitesa ni kwamba kuna mahali, ukimaliza mteremko mdogo, majani yanafunguka ghafla na mtu anashika mdomo. Nimeona nyuso za watu kutoka kila nchi mahali pale. Uso wa mke wangu aliuona Faraja.

Nikastaafu. Maua yaliporudi, kina mama wa kwaya wakataka kwenda tena, safari hii na waume zao. Nikajiandikisha kama mgeni. Kule juu Faraja, mvi zimemjaa lakini sauti ileile, akapita akipanga mstari.

"Kaka Ipyana, wewe sauti gani?"

"Sina."

"Basi kaa nyuma kabisa, baada ya besi. Na usinipotezee watu."

Watu wakacheka, Subilaga naye akacheka. Nikakaa nyuma. Mimi, nyuma, nikitazama migongo ya watu kwenye uwanda ninaoujua kuliko wote. Wakaimba, wakapumzika, wakaimba. Nami nikaanza kupanga. Nyuma ya mwinuko mdogo, upande wa kushoto wa kijito, kuna okidi fulani ambayo haimo katika njia ya Faraja. Iko katika yangu. Niliwaza nichungulie kama imechanua, kisha wakipumzika nimshike Subilaga mkono nimpeleke yeye peke yake. Apate angalau ua moja kutoka kwangu. Nikatoka kwenye mstari.

Ilikuwa imechanua, tena vizuri. Nilipogeuka, ukungu ulikuwa umekula mwinuko, kijito na kila kitu.

Sikupotea, naomba msiniandike hivyo. Nilijua nilipo, sikujua wao wako wapi. Nikangoja Faraja asimamishe watu, afumbe macho, agundue. Kisha nikaelewa kuwa hatagundua. Mtu asiyeimba haachi pengo. Mstari ulikuwa umetimia bila mimi.

Ningeweza kupiga kelele. Niliona aibu. Nikasimama nisikilize wimbo uko upande gani, kama anavyofundisha yeye, na kwa muda mrefu sikusikia chochote. Halafu ukaja, kwa mbali, sauti za wanawake zikielea juu ya majani. Katikati yake ilikuwepo moja, ya wale wa sauti ya pili, nzito kidogo, inayochelewa kuliachia neno la mwisho. Niliipenda kabla sijaitambua. Ilipomaliza ubeti ndipo nilipojua kuwa ni ya mke wangu.

Ameimba kwaya tangu kabla hatujaoana. Jumapili zake zote nilikuwa juu na wageni, na mimi nikiwa nyumbani alikuwa ananiacha nilale. Nilisimama kwenye baridi ile, na wivu niliokuwa nao kwa Faraja ukaniishia mkononi kama kitu kidogo, kwa sababu ulikuja mkubwa zaidi. Nilimwonea wivu kila mtu aliyewahi kukaa benchi la mbele pale Ilomba. Wazee wa kanisa, watoto wanaosinzia, fundi spika. Wote walikuwa nayo sauti ile, bure, na mimi sikuwa nayo.

Wakaanza ubeti mwingine. Niliujua, ni wimbo wa kila mtu. Nikafungua mdomo nikaimba. Sitawaelezea. Ndege aliruka kwenye majani karibu na mguu wangu.

Kule mbele wimbo ukayumba, ukakatika.

"Nani huyo anatuharibia?" Faraja akauliza. "Hiyo sauti siijui."

Nikaukata ubeti katikati. Kisha Subilaga akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, ile anayoitumia kuniita mezani:

"Ni wangu huyo. Mwache amalize, ndiyo atufikie."

Nikamalizia ubeti wote, nikitembea.